Nepi Kwenye Mageti ya Kizota

Binti yetu alikuwa na miezi mitatu ngozi yake ilipoanza kuchubuka. Mwanzoni vilikuwa vipele vidogo tu kwenye mikunjo ya mapaja, nikavipaka mafuta ya mgando nikidhani ni joto. Haukupita muda pale pote pakawa pekundu kama nyama mbichi, na kila nilipomfungua pampasi alilia kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Nilibadilisha aina, nikajaribu kila iliyokuwepo dukani. Hali ilikuwa ile ile.

Tulikuwa tumehamia Mkonze siku za karibuni, kwenye nyumba yetu ambayo ilikuwa haijaisha. Vyumba viwili vilikuwa na bati na milango, vingine vilikuwa kuta tu zikitazama mbingu. Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kwenye karakana moja huko Kizota. Alitoka alfajiri na kurudi giza limeshaingia, macho mekundu, mikono imejaa alama za cheche. Mchana kutwa tulibaki mimi, mtoto na upepo.

Kliniki, muuguzi alimgeuza mtoto akakunja uso.

"Pampasi mwachishe kwanza," alisema. "Mfunge nepi za kitambaa, umbadilishe mara kwa mara. Na ukiweza mwache wazi apate hewa."

Nepi nilikuwa nazo. Mama yangu alinitumia kutoka Buigiri kabla sijajifungua: alinunua kitambaa cha taulo, akakikata vipande, akapinda kingo kwa mkono, mishono mingine imekwenda upande kwa sababu macho yake hayaoni vizuri. Jioni ile nilimpigia simu.

"Fua kwa sabuni ya mche, suuza vizuri, anika juani," aliniambia. "Nyie wote niliwalea hivyo. Atapona tu, mwanangu."

Nilimwamini. Kesho yake nikaanza.

Shida ilikuwa maji. Bomba la mtaa wetu lilikuwa likitoa kwa mgao, kisha mgao wenyewe ukakatika. Kilichobaki ni kisima kirefu cha jirani wa juu kidogo, na maji ya pale yalikuwa na chumvi. Sabuni iliyakataa kabisa. Unasugua, unasugua, povu halitoki, unabaki na utando wa kijivu unaoelea kwenye beseni na kung'ang'ania kitambaa. Nepi zikikauka zinasimama zenyewe, ngumu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Na zikiwa kwenye kamba upepo unazipiga vumbi jekundu, hata ile niliyoifua vizuri kuliko zote naikuta ina mchanga kwenye nyuzi. Nilizifikicha mikononi zilainike kabla ya kumfunga. Hazikulainika vya kutosha. Ngozi ikazidi kuchanika.

Nilianza kuogopa mtoto akiamka. Nikisikia anajinyoosha kitandani, najua ameloa, na nikimfungua ataniangalia kwanza, halafu atalia. Lile jicho la kwanza ndilo lililoniumiza. Aliniangalia kama anayeniuliza kwa nini namfanyia vile. Nilifua asubuhi, nikafua mchana, vidole vyangu vikapasuka, na beseni halikuisha. Kuna mchana mmoja nilimnyonyesha akalala, nikaenda kwenye kile chumba kisicho na bati, nikakaa juu ya tofali, nikajifunga kanga mdomoni nilie bila kusikika. Nilikuwa naomba, lakini sikumbuki niliomba nini. Nadhani niliomba tu mtu aje.

Mume wangu alirudi akanikuta nimekaa gizani.

"Mtoto vipi, bado?" aliuliza.

"Unaniuliza mimi?"

Alivua viatu, akala, akalala. Sikumlaumu sana. Akija, mtoto ameshafungwa na kulazwa. Alichosikia ni kilio tu, na watoto wote hulia.

Nilirudi kliniki. Safari hii alikuwepo daktari, msichana mpole wa rika langu. Alisema kitambaa si kosa, na hata pampasi zenyewe hazikuwa kosa. Ni fangasi walioingia kwenye ngozi iliyoloa na joto, na sasa sabuni iliyobaki kwenye nepi inaichoma. Akaniandikia dawa ya kupaka.

"Lakini dawa peke yake haitasaidia, mama. Suuza nepi kwa maji safi, maji baridi yasiyo na chumvi, mpaka sabuni yote itoke."

"Maji hayo nitayatoa wapi, daktari?"

Alinitazama, akashusha macho kwenye kalamu yake. Kisha akanikabidhi karatasi ya dawa.

Asubuhi iliyofuata umeme ulikatika mtaani kwetu, na pampu ya kisima ikanyamaza. Ndoo zote zilikuwa tupu. Nepi zote zilikuwa chafu, mtoto nimemfunga kipande cha kanga yangu ambacho nacho kilishaloa. Nilisimama katikati ya uwanja nikitazama lile beseni lenye nzi. Nakumbuka sikufikiri chochote. Nilimbeba mtoto mgongoni, nikatia nepi kwenye mfuko wa salfeti, beseni juu, nikaenda barabarani kusimamisha bajaji.

"Wapi, dada?"

"Kizota."

Karakana ile ilikuwa na bomba mbele, karibu na lango. Nilikuwa nimewahi kuliona siku niliyompelekea mume wangu chakula. Maji ya pale yalikuwa baridi, ya kunywa. Nilipita katikati ya mafundi, nikatua beseni chini ya bomba, nikafungulia. Mashine za kukatia chuma zikazimwa moja baada ya nyingine. Mume wangu akainua kinyago chake cha kuchomelea, akanitambua, akaja mbio.

"Umepanda bajaji na mavi?" alininong'oneza. "Watu wote hawa! Chukua vitu vyako turudi nyumbani."

"Nyumbani kuna maji?"

Mwenye karakana, mzee mwenye baraghashia iliyofifia rangi, alikuwa ametoka ofisini kwake.

"Shikamoo, mzee," nilisema bila kuinuka. "Naomba maji ya kufulia nepi za mtoto. Sina mahali pengine."

"Marahaba, binti." Alilitazama beseni, kisha mtoto. "Fua. Maji ni ya Mungu."

Nilipaka sabuni, nikasugua, na povu likatoka papo hapo, jeupe, jingi, likafunika mikono yangu mpaka kwenye viwiko. Hapo ndipo nilipolia mbele za watu. Mafundi waligeuka pembeni wakajifanya wanatafuta vifaa.

Mtoto akaanza kulia mgongoni. Nikamtandikia boksi kivulini, nikamlaza, nikamfungua. Mume wangu alikuwa amesimama juu yetu, na jua la saa nne lilikuwa linawaka. Kwa mara ya kwanza aliiona ngozi ya mwanawe mchana kweupe.

"Ndivyo alivyo?" aliuliza.

"Ndivyo alivyo."

"Siku zote hizi?"

Alivua glovu zake nene, akaziweka juu ya mtungi wa gesi, akachuchumaa kwenye beseni. Hakujua kusuuza, alizichovya nepi kama anayezimisha chuma cha moto. Fundi mmoja alicheka, mzee akamtazama, akanyamaza. Mume wangu akamwaga maji, akajaza mengine, akamwaga tena, mpaka yakawa yanatoka yakiwa maangavu. Kisha akazitundika moja moja kwenye mageti yaliyokuwa yameegemezwa ukutani, akigusa kwanza kwa kidole kuona kama rangi imekauka. Geti moja lilimdanganya. Nepi ile ilibaki na mistari myekundu ambayo haikutoka tena.

Tangu siku ile alirudi kila jioni na dumu la maji baridi, amelifunga nyuma ya baiskeli ya kuazima. Kusuuza akasuuza yeye, amekaa kwenye kigoda na nguo zake za kazi, kabla hajala.

Mtoto hakupona haraka. Ngozi ilifunga upande mmoja ikafunguka mwingine, na kuna juma dumu lilikosekana nikarudi kwenye kile chumba kisicho na bati. Bado naogopa nikikumbuka. Lakini dawa ilikuwa inafanya kazi, polepole, na wekundu ukageuka kuwa waridi, kisha ngozi ikaanza kubanduka kama vumbi, na chini yake ilikuwepo ngozi nyingine.

Asubuhi moja nilimsikia anajinyoosha. Nikaenda, nikafungua pini, nikaondoa nepi iliyoloa. Aliniangalia. Nikabana meno, nikingoja kilio. Alirusha miguu hewani, akaendelea kuniangalia, na mimi nikabaki nimeinama juu yake, nepi safi mkononi, bado nangoja.