Jani la Sale Alilolikataa Mtendaji

Aminieli alikuwa mtendaji wa kijiji huko Masama kwa miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote ipo asubuhi moja ambayo angetoa chochote irudi.

Alianza kazi wakati kodi haina kelele. Mkulima alipeleka kahawa chama cha msingi, makato yakakatwa hukohuko, na mtoto akiugua zahanati ilimpa dawa bila kumdai kitu. Baadaye mambo yakageuka. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, bei ikaporomoka, zahanati ikaanza kutaka mchango. Wilayani watendaji wakaambiwa nchi imelemewa na madeni ya nje, serikali haiwezi tena kubeba kila kitu, kwa hiyo kodi ya kichwa ikusanywe yote pamoja na malimbikizo. Atakayeshindwa aandike barua ya kuacha kazi.

Ndipo mwaka 1998 Aminieli alipoingia kwa Anaeli, rafiki yake waliyepata naye kipaimara siku moja, akiwa na mgambo wawili. Anaeli alidaiwa kodi ya miaka mitatu. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha binti yake Eliona sekondari.

"Nisubiri hadi msimu, Baba Wilson," Anaeli alimwambia Aminieli. "Au siku hizi serikali yako inakunywa maziwa?"

Mgambo mmoja alicheka. Aminieli hakucheka. Anaeli akaenda kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, akachuma jani la sale, akalifunga fundo, akamnyooshea kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, anayeletewa sale husamehe. Watu wamesameheana hata damu kwa jani hilo.

"Ofisi haipokei majani," Aminieli alisema, akaandika stakabadhi. Ng'ombe akafunguliwa, mgambo wakamswaga hadi ofisini.

Muhula uliofuata Eliona hakurudi shule.

Mwaka 2003 kodi ile ikafutwa. Barua ya kuifuta ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aminieli aliibandika ubaoni mwenyewe, akaisoma mara tatu. Haikutaja ng'ombe wa mtu. Jumapili, baada ya ibada, alichuma sale kwake, akaifunga fundo, akapanda kwa Anaeli.

Aliyemfungulia ni Eliona, ambaye sasa aliuza ndizi sokoni Kiboriloni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu, na hakuweza kumtazama.

Anaeli aliliangalia jani alilonyooshewa, akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimepokea," alisema. "Sisi huwa tunapokea."

Akaagiza mbege, pombe ya ndizi. Wakanywa, wakazungumzia mvua na migomba. Aminieli alitamani atukanwe, lakini hakutukanwa.

Wakati wa kuondoka alipita kando ya banda. Kigingi kilikuwa bado kimesimama, na juu yake kamba imeviringishwa vizuri. Mgambo waliiacha siku ile, kwa sababu kwenye stakabadhi Aminieli mwenyewe aliandika ng'ombe peke yake, bila kamba.