Mfuniko wa Sufuria Kubwa

Harufu ya binzari nyembamba ikipanda na mvuke, wengine hukumbuka sikukuu. Mimi namkumbuka Njeri, na meno yananiuma.

Nilikuwa na miaka kumi, tumetoka Tanga miezi mitatu tu, tukiishi Langley Park, Marekani, kwenye fleti ambazo kuta zake zilipitisha hata chafya. Njeri, binti wa Mkenya wa ghorofa ya juu yetu, nilisoma naye darasa moja. Siku moja nilimwomba rula kwa Kiingereza nilichokifanyia mazoezi tangu asubuhi: "Borrow me your ruler."

Kwetu neno ni moja. Anayetoa anaazima, anayepokea anaazima. Nani angenionya kwamba Kiingereza kimelipasua katikati? "Borrow" ni la anayechukua. "Lend" ni la anayetoa, na hilo ndilo lingenipa rula. Njeri alijua. Badala ya kuninong'oneza, alipanda juu ya kiti.

"Ati borrow me! Huyu ni Borrow Me!"

Mpaka theluji inaanguka sikuwa na jina jingine, hata kwa dereva wa basi la shule.

Sikulia. Nilisubiri.

Kisha Mama Njeri akashuka kwetu. Jumamosi Njeri alikuwa anatimiza miaka kumi na moja. Darasa zima lilialikwa, isipokuwa mimi.

"Mama Zuhura, si uniazime ile sufuria yako kubwa ya pilau?"

"Ya kwako hiyo, dada. Zuhura atakuletea."

Msinihukumu bado. Sufuria niliipeleka. Mfuniko wake mzito niliusukuma chini ya kitanda.

"Shikamoo, mama. Mfuniko ulipotea tulipohama," nilimwambia Mama Njeri, macho chini, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Jumamosi nililala chali sebuleni nikisikiliza dari. Mama Njeri alikuwa amefunika kwa karatasi ya foili, na foili haizuii mvuke. Watoto walianza kuguna, kisha wakaimba kwamba wali wa Njeri ni kokoto. Walipiga meza kwa vijiko. Nilimsikia akilia, nikatabasamu mpaka mashavu yakachoka.

Alasiri Njeri akarudisha sufuria, macho mekundu. Kwa watu wetu chombo cha jirani hakirudi kitupu: Mama Njeri alikuwa ameijaza pilau.

Mama alinipakulia kilima. Punje zenye viini zikanivunjikia menoni. Yeye hakugusa.

"Tamu?"

"Tamu, mama."

"Basi ongeza."

Sahani tatu. Nilidhani ni ukarimu.

Mwaka uliofuata tulihamia Germantown. Siku ya kufunga mizigo niliinama chini ya kitanda kuutoa mfuniko kabla mama hajauona. Niliukuta umesuguliwa, unang'aa, umeviringishwa ndani ya kanga ya mama. Ndipo nilipozielewa zile sahani tatu.

Nilizistahili. Lakini nawaambia ninyi tu: pilau ile ilikuwa ngumu kama changarawe, na ningeila tena.