Kilima cha Netiwaki

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo. Ninajua jina la marehemu, la baba yake, la watoto wake kwa jinsi walivyofuatana kuzaliwa, na hata jina la yule beberu tuliyemchinja. Nitayaacha kichwani. Wanaohusika bado wanakutana sokoni Kakuma, na wengine bado hawasalimiani.

Mwaka huo wa 2012 nilikuwa nauza samaki wakavu. Nilikuwa nawanunua Kataboi, kando ya ziwa, na kuwapeleka Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kwa sababu wanawake wa Sudan Kusini wanajua kupika samaki kuliko sisi tunaoishi karibu na maji. Pikapu ilikuwa ya mjukuu wangu. Ni mtoto wa binti yangu, nami nilimlea Kanamkemer, hapo Lodwar, tangu mama yake alipofariki. Aliniita ata, ndiyo nyanya kwa Kiturkana. Alikuwa dereva mzuri. Hilo nalisema mbele ya mtu yeyote, hata leo. Hakunywa, na hakukimbiza gari penye watu.

Barabara ya Lodwar kwenda Kakuma wakati huo ilikuwa mashimo na vipande vya lami vilivyosahauliwa. Ukiacha Lodwar nyuma kidogo, simu inakufa. Inabaki imekufa njia nzima, mpaka ufike kwenye kilima fulani ukikaribia Kakuma. Hapo simu zote ndani ya gari zinaamka pamoja na kulia kama vifaranga. Madereva walipaita kilima cha netiwaki. Mtu aliyekutafuta tangu asubuhi anakupata hapo, na ukianza kuteremka inaweza kupotea tena. Kwa hiyo madereva walikuwa wanashika simu hapohapo, mkono mmoja sikioni, gari likienda.

Siku hiyo aliyepiga alikuwa baba mkwe wake, mzee wa mifugo wa kule Lokitaung, ambaye naye ilimbidi apande mlima wake ndipo apate netiwaki. Sasa mtu asiyetujua atauliza, kwa nini hakuiacha simu ilie? Kwetu mkwe haachwi alie. Mkwe haambiwi subiri. Tena hamwanzi na neno lenyewe, mnaanza na salamu, na salamu haikatwi katikati.

"Ejok, apa," mjukuu wangu akasema, yaani hujambo, baba. Akaketi wima kabisa, kana kwamba mzee alikuwa anamwona.

Wakaanza. Watoto? Wazima. Mbuzi? Wazima. Ngamia yule mwenye mguu mbaya? Amepona. Mvua? Hakuna. Huko nako? Hakuna. Nilimgusa paja nikamwambia, "Weka hiyo kitu chini, kuna watu mbele." Akaniinulia kidole kimoja cha mkono wa usukani, yaani ngoja kidogo, ata. Kidole hicho nakiona mpaka leo.

Mbele yetu, nje kabisa ya barabara upande wangu, mama mmoja alikuwa anatembea na mzigo wa kuni kichwani, ametugeuzia mgongo. Gari likakuta shimo. Mkono mmoja haukutosha. Likavutwa kushoto, nami nikaona kuni zikiruka juu ya kioo kabla sijamwona mwenyewe.

Nilimtambua nilipomgeuza uso. Alikuwa mteja wangu wa kambini, mwanamke wa Sudan Kusini. Alikuwa akinunua kwangu kila nilipofika, akichagua wenye vichwa vikubwa, akiniita haboba, ndivyo wao wanavyomwita nyanya. Alikuwa ananisalimu "ejok" kwa ulimi wa kwao mpaka wenzangu wanacheka, naye anacheka nao. Simu ilikuwa imeanguka chini kwenye kanyagio, na ile sauti ya mzee bado ilikuwa inauliza: na kondoo? Na kondoo je?

Alifia hospitalini kabla ya jua kushuka. Polisi walimchukua mjukuu wangu, wakachukua pikapu, wakachukua na simu. Kituoni aliandikisha maneno kwamba yule mama aliingia barabarani ghafla. Sikumlaumu wakati ule. Mtu mwenye hofu husema linalomjia.

Wazee wetu hawakungoja. Walikwenda kambini kwa kaka wa marehemu, wakaketi naye nyuma ya kanisa pamoja na wazee wa kwao, na kwa kweli walielewana upesi kuliko nilivyotarajia. "Nyinyi ni watu wa ng'ombe," kaka mtu alisema, "na sisi ni watu wa ng'ombe. Tunajua damu inazungumzwa namna gani." Mifugo ikakubaliwa, nusu ikatoka kwa ndugu zangu wa Lokitaung. Beberu akachinjwa, majani ya tumboni mwake tukapakwa vifuani, sisi na wao, nyama ikaliwa pamoja. Kaka wa marehemu alinikatia kipande kwa kisu chake mwenyewe. Nilikula nikilia. Nikajua kwamba yameisha.

Wazee wakaenda kituoni kumchukua mtoto wao, mimi na kaka wa marehemu tukiwafuata.

"Maneno imeisha," mmoja akamwambia afisa. "Mbuzi tumekula."

"Mzee, hiyo ni yenu na wao. Vizuri sana. Yetu bado."

"Yenu na nani?"

"Kesi hii ni ya Jamhuri. Jamhuri ndiyo inamshtaki."

Mzee wetu alimtazama kaka wa marehemu, kisha afisa. "Huyu Jamhuri ni wa ukoo gani? Mbona hakuja siku ya nyama? Mwiteni basi, tumpe mbuzi yake."

Polisi walicheka, hata yule wa zamu. Afisa peke yake hakucheka. Alitueleza pole pole, kwa heshima: kuua mtu kwa kuendesha gari vibaya kunaweza kumfunga dereva hata miaka kumi, na leseni inachukuliwa. Kushika simu huku gari linakwenda ni kosa hata kama hujamgusa mtu. Akasema mambo ya mifugo hakimu atayasikia, labda yatapunguza kitu, lakini hayawezi kufuta. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama, ndiwe ulikuwa kiti cha mbele. Utaitwa."

Hapo ndipo nilipoanza kufa nikiwa natembea. Mjukuu wangu alitolewa kwa dhamana, lakini pikapu ilibaki kituoni, na biashara ya samaki ikalala. Nyumbani Kanamkemer hakuna aliyenisalimu bila kunipa la kusema. "Sema ulikuwa umesinzia," wazee waliniambia. "Nyanya mzee, joto, gari, nani atashangaa?" Mke wake alinijia na mtoto mchanga, akamweka miguuni pangu, akaondoka. Mjukuu wangu mwenyewe hakuniomba kitu. Alikuwa anaketi ukutani, anaviringisha udongo mikononi. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Hata kaka wa marehemu, nilipokwenda Kakuma kumwona, aliniambia, "Mama, sema tu ulilala. Sisi tumekula mbuzi. Huyo kijana akifungwa, dada yangu hafufuki."

Nilikuwa nimeshakubali. Nasema kweli, nilikuwa nimefungasha maneno yangu tayari: nililala, niliamka na kishindo. Nikiwa natoka, binti mkubwa wa marehemu akanifuata mpaka kwenye lango la miiba. Alikuwa msichana mrefu, na nguo ya mama yake alikuwa ameivaa yeye.

"Haboba, nauliza kitu moja. Ni kweli mama aliingia barabara?"

Nikainama kukaza kandambili yangu.

"Watu hapa wanasema aliingia. Wanasema hakuwa anaangalia, alikuwa anafikiria mambo. Mwalimu wetu shuleni alitupa mfano. Akasema tusitembee kama yule mama." Akakaza nguo kiunoni. "Mama alitutoa kwetu kwa miguu, usiku na mchana, hatukupotea hata mmoja. Alikuwa anajua kutembea."

Nilirudi Lodwar na hayo maneno. Nikisema nililala, mjukuu wangu anarudi kwa watoto wake. Nikisema nililala, yule mama anabaki mjinga aliyejiua mwenyewe, na watoto wake wanasomeshwa hivyo darasani. Niliomba Mungu anipe ugonjwa. Hakunipa.

Siku ya kesi, mwaka mpya ulikuwa umeanza, watu wote wakizungumza uchaguzi. Niliapa kwa Biblia. Karani alinitafsiria Kiturkana kwenda Kiingereza, na Kiingereza kurudi. Mwendesha mashtaka akaniuliza yule mama alikuwa wapi.

"Nje ya barabara," nikasema. "Upande wangu. Alikuwa anatembea vizuri."

"Na dereva?"

Nilimtazama mjukuu wangu kizimbani. Alikuwa amevaa shati la harusi yake. Nikainua kidole changu kimoja, hivi, juu ya usukani usiokuwapo. Karani hakujua atafsiri vipi. Mjukuu wangu alipokiona kile kidole akafunika uso kwa mikono, na hakimu akaandika.

Alifungwa miaka mitatu, na leseni ikachukuliwa. Hakimu alisema amezingatia mifugo na msamaha wa jamaa. Bila hivyo ingekuwa zaidi. Mke wake alipita mbele yangu mlangoni kana kwamba mimi ni ukuta. Mzee mmoja akatema mate, si juu yangu, lakini karibu.

Baba mkwe alikuwa ameteremka kutoka Lokitaung kwa ajili ya kesi. Tangu siku ile ya kilima hakuwa ameelezwa vizuri. Alidhani simu ilikatika tu. Nilimkuta nje, amejikunja juu ya kigoda chake, anatazama simu yake ndogo kama mtu anayetazama nyoka.

"Alikuwa anaendesha?" aliniuliza. "Nilipokuwa namwuliza kondoo, alikuwa anaendesha?"

"Ndiyo."

"Mbona hakuniambia? Angesema apa, niko kwa gari. Ningekasirika? Mimi ni mtu wa kukasirika hivyo?" Hakungoja jibu. "Kumbe nilikuwa naua mtu na salamu."

Tangu siku hiyo akipiga simu kwa mtu yeyote, hata kwa chifu, anaanza na kuuliza: "Uko kwa usukani?" Ukisema ndiyo, anakata palepale, bila ejok, bila chochote. Vijana wanamcheka, wazee wenzake wanaona amekosa adabu. Hajali. Nami nikipanda gari la mtu namwomba simu yake, naifunga ndani ya shuka yangu mpaka tufike. Stendi wananiita trafiki. "Trafiki amekuja, toeni simu!" Wengine wanakataa, na mimi nashuka.

Gereza la Lodwar si mbali na Kanamkemer. Nilikwenda mara ya kwanza peke yangu, nimembebea sabuni. Njiani nilikuwa nimepanga la kumwambia, lote, kuanzia lile lango la miiba na yule msichana. Alitokea upande wa pili wa wavu, amekonda, kichwa kimenyolewa.

"Ejok, ata," akasema.

"Ejok."

"Watoto?"

"Wazima."

"Mdogo ametambaa?"

"Ametambaa."

"Mbuzi?"

"Wazima."

"Mvua?"

"Imenyesha kidogo, upande wa Lokitaung."

"Na mzee, baba mkwe?"

"Mzima. Anakusalimu."

"Ngamia zake?"

"Wazima."

Hakuna kati yetu aliyeweza kuacha. Tulisalimia mpaka paka, mpaka jirani, mpaka kisima. Askari akagonga wavu kwa funguo, akasema muda umeisha.