Nilivyomtetea mama ntilie wa Gerezani

Jamani, leo uso wangu sijui niuweke wapi.

Ofisi yetu ya mawakili ilipiga hema mtaani Gerezani, tutoe ushauri wa sheria bure.

Akaja mama ntilie mmoja. Nikampa shikamoo na kiti.

“Marahaba mwanangu. Nimekuja asubuhi nakuta nimeondolewa pale ninapopikia. Hakuna aliyeniuliza. Ni haki hiyo?”

Nikapandisha sauti, wenzangu wasikie.
“Si haki, mama! Ni nani huyo? Leo leo namfuata!”

“Simjui, mwanangu. Ila nilikuwa napikia hapo.”

Akanyoosha kidole chini ya meza yangu. Masizi bado yapo.

Asubuhi mimi ndiye niliyesema, “Hayo mafiga toeni, yanaharibu picha.”

Nisemeni tu, maana mnajua nilimjibu nini?

“Mama, subiri kidogo, wakili mwenzangu atakusikiliza.”