Kijiti cha Khatibu

Kunguru wa Kisauni hawana haya, na Khatibu alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana riziki yake ilikuwa kuwapiga risasi. Hoteli moja ya Bamburi ilimpa kazi hiyo ili wageni wale mkate wao kwa raha. Bunduki yake ya marisau aliirithi kwa babake, aliyewinda kanga enzi uwindaji ulipokuwa halali. Ndiyo iliyomfanya aitikiwe salamu kwa heshima. Bila bunduki, Khatibu ni mzee tu, na wazee mtaani wamejaa tele.

Kibali chake kilikuwa na sharti: bunduki isishike zaidi ya risasi tatu, mbili kwenye bomba la akiba chini ya mtutu, na moja kwenye chemba, tayari kufyatuliwa. Bomba lenyewe lilikuwa refu, kwa hivyo marehemu babake alichonga kijiti cha mti, akakitumbukiza humo kuziba nafasi iliyozidi. Wenye bunduki wenzake hutumia vijiti vya plastiki na mafuta ya dukani. Nyumbani kwa Khatibu ni mafuta ya nazi, basi, hutaki acha! Kila mwaka, kabla ya ukaguzi, alikitoa kijiti, akakipaka mafuta mpaka kikang'aa, akakianika ukutani uani.

Asubuhi ya ukaguzi alikianika, akaingia kunywa chai. Mara akamsikia mkewe Zubeda akipiga ukelele. Alipotoka, kunguru alishapaa na kijiti mdomoni, anakwenda zake upande wa Frere Town. Ndege anayeiba sabuni bafuni ataacha kitu kinachonukia nazi?

"Baba Ukasha, si uende kesho," Zubeda alisema.

"Kesho ipi, mke wangu? Kibali chafa leo."

Akauchukua upawa wa kifuu wa Zubeda, akaukata mpini, akautia bombani. Ulikuwa mfupi. Aliona kwa macho yake kuwa ni mfupi, na mwingine hakuwa nao. Akasema Bismillahi, akamwomba Mungu mkaguzi awe mvivu.

"Shikamoo mzee," mkaguzi, afande Wafula, alimlaki ofisini kwa adabu, kisha akaanza kusukuma risasi bandia kwenye bomba. Ya kwanza ikaingia, na ya pili. Khatibu akashusha pumzi. Wafula akajaribu nyingine, nayo ikaingia kama iliyoalikwa.

"Mzee, ukiongeza ya chemba ni nne."

"Mwanangu, kijiti changu kimechukuliwa na kunguru. Wallahi!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Wafula peke yake hakucheka, na afadhali angecheka.

"Unaweza kukata rufaa, mzee. Lakini nisikudanganye."

Akaibeba bunduki, akaifungia kwenye kabati la chuma. Khatibu alirudi nyumbani mikono mitupu, hajui aitie wapi. Hotelini walimpa pole, wakamtafuta mtu mwingine.

Sasa Zubeda huchota mchuzi kwa kifuu kisicho na mpini. Huungua vidole, huvipuliza, kisha humpakulia Khatibu kwanza.

Jana kunguru alitua dirishani, karibu na sahani ya mkate. Khatibu akainua mikono yake, mmoja mbele na mmoja begani, akafumba jicho moja, akalenga. Zamani ishara hiyo pekee iliwatawanya wote. Kunguru akamtazama kidogo, akainama, akaendelea kula.