Bi Naomi Arudi Shela

Mama alinipigia simu Nairobi akaniomba nimlete Bi Naomi nyumbani kwetu Shela, maana bibi huyo alikuwa anaogopa kuja. Bi Naomi ni Myahudi, na tangu nikiwa mtoto alikuwa akipanga chumba chetu cha juu kila likizo. Mwaka huu kaka yangu Athmani, baada ya kushinda na picha za Gaza, aliandika kwenye kikundi cha simu cha familia: "Mayahudi wote ni wamoja. Na asije tena." Alisahau kwamba Bi Naomi yumo humo.

Alhamisi asubuhi tulishuka uwanja wa ndege wa Manda, tukavuka kwa boti. Nilikumbuka zile Ijumaa za utotoni, Bi Naomi akiwasha mishumaa yake miwili na Mama akimfungia dirisha upepo usiizime. Sisi watoto tulidhani kila mpangaji hufanya hivyo. Wallahi, nilizitamani siku zile.

Tulipofika Shela, Athmani alituketisha dakani, pale mlangoni wanapoishia wageni wasiojulikana. Bi Naomi, aliyezoea kupita moja kwa moja hadi jikoni, aliketi na mkoba wake mapajani. Nilitamani kumzaba kaka yangu kofi, na ndevu zake zote.

"Ulichoandika ndicho kinachoitwa uantisemiti," nilimwambia. "Chuki dhidi ya Wayahudi."

"Waarabu nao ni Wasemiti. Babu yetu katoka Hadhramaut, sasa nijichukie mwenyewe? Na kila tukiwalilia wana wa Gaza twaambiwa neno hilo hilo, tunyamae."

Bi Naomi alimtazama. "Neno hilo lilienezwa Ulaya na watu waliojivunia kutuchukia sisi Wayahudi. Waliovunja duka la bibi yangu hawakuwa wakitafuta Waarabu. Wapo wanaolitumia kuwafunga watu midomo, nakubali. Ilaumu serikali ya Israeli, Athmani, hata mimi nailaumu. Lakini mimi nimewakosea nini?"

Mama alitokeza kutoka ndani.

"Bi Naomi, wangoja nini hapo nde? Ingia, chai yapowa. Nawe Athmani, twaa mkoba wake."

Ijumaa baada ya swala, Athmani alirudi kutoka msikitini macho mekundu kwa dua ya Gaza. Bi Naomi alimpakulia wali. Wakabishana tena, lawama kwa dola inaishia wapi na chuki kwa Wayahudi inaanzia wapi, na hawakumaliza. Athmani alimwomba radhi kwa alichoandika. Kwa kuwalilia wale watoto hakuomba radhi, na Bi Naomi akamwambia asiombe kamwe.

Jumapili, tukingoja ndege Manda, nilimwuliza kama atarudi.

"Nitarudi," alisema. "Ila zamani nilikuwa nikija Naomi tu. Safari hii nimekuja Myahudi."

Siku zote zile nilikuwa nikijisifu moyoni kwa jinsi tulivyomtetea. Kumbe mtu ukishalazimika kumtetea nyumbani kwake, ameshakuwa mgeni.