Msiba Wangu Mwenyewe Uani Nengo

Chekeni tu. Mitihani ilipotutia kiwewe, niliwaita wenzangu wa chuo uani kwetu Nengo niwafundishe kupumua polepole. Nikapanga viti, nikazima simu, tukafumba macho na kuinamisha vichwa kimya.

“Sauti yoyote mkiisikia, iacheni ipite,” nikawaambia, kama daktari.

Nusu saa baadaye kilio kikapasuka langoni. Nikasema bila kufumbua macho: “Hata hiyo, iacheni ipite.”

“Zawadi wangu! Umekufa bila kuniaga!”

Niliruka, kiti kikaanguka. Alikuwa shangazi yangu wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Jirani aliona viti na vichwa vile, akadhani tuna msiba, akampigia. Naye alipokuta simu yangu imezimwa, akaamua marehemu ni mimi, akavuka mpaka mbio.

Akanishika mkono, akakitazama kiti nilichoangusha, akawatazama wenzangu, bado wamefumba macho.

“Bon, haya, na we ndiyo unawafundishaka kutulia?”